Makuruta wa Anga wa Kanada

Kijana aliyejiunga na Jeshi la Anga la Kanada wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akiota kurusha ndege, huenda alipokewa na harufu ya ng'ombe. Kambi ya makuruta ya Toronto iliwekwa katika viwanja vya maonyesho, na vijana wakalazwa kwenye majengo yaliyojengwa kwa ajili ya mifugo. Humo walichanjwa, wakanyolewa na kuchezeshwa kwata. Maveterani walipohojiwa uzeeni, baadhi yao walianzia kwenye harufu hiyo, kabla hawajafika kwenye mabomu.

Kambi hiyo ilikuwa mlango wa mpango mkubwa. Tarehe 17 Desemba 1939, Kanada, Uingereza, Australia na New Zealand zilitia saini mkataba wa kufundisha wanaanga kwa pamoja. Kanada ilikuwa na anga pana, mbali na ndege za Wajerumani. Mpango ulipofungwa Machi 1945, wahitimu walikuwa 131,553, zaidi ya nusu yao wakiwa wa jeshi la Kanada.

Masomo ya urubani yalianza kwa ndege nyepesi kama Tiger Moth, kisha Harvard yenye nguvu zaidi, zote zikipakwa rangi ya njano ili zionekane kwa urahisi. Chumbani kulikuwa na Link, kasha lenye mbawa fupi lisiloruka kamwe. Mwanafunzi alifungiwa ndani yake, asione kitu ila vipimo. Aliyeshindwa urubani alihamishiwa kuongoza njia, kurusha mabomu au kupiga bombomu.

Hatari haikusubiri Ulaya: wanafunzi 856 walikufa mafunzoni.

Kuanzia 1941 wanawake nao waliingia. Zaidi ya 17,000 walivaa sare za jeshi hilo la anga, na miongoni mwa kazi zao ilikuwa kukunja miavuli ambayo wanaanga wangeitegemea wakilazimika kuruka kutoka ndegeni.

Simulizi za wanaanga wa jeshi hilo zimewahi kuwa ushahidi. Usiku wa 12 kuamkia 13 Juni 1944, ndege ya mabomu aina ya Lancaster, ikielekea Cambrai, Ufaransa, ilipigwa na kushika moto. Andrew Mynarski wa Winnipeg angeweza kuruka. Badala yake alitambaa kupita motoni kwenda kumnasua Pat Brophy, aliyekwama katika kibanda cha bunduki mkiani. Aliposhindwa, nguo zake zikiwaka, alimpigia mwenzake saluti, ndipo akaruka. Alikufa kwa majeraha ya moto.

Brophy alianguka na ndege, akatoka hai. Wengine waliokuwa ndani walikuwa wamekwisha kuruka, kwa hiyo hapakuwa na shahidi mwingine. Aliposimulia aliyoyaona, wakuu walifuatilia, na Oktoba 1946 Mynarski akatunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa, zaidi ya miaka 2 baada ya kifo chake.