Picha Isiyo na Msemaji Ni Bubu

Sisi watu wa Kalima na wa Pangi yote tunajua kama kitu cha Bwami hakisemi peke yake. Sanamu ndogo ya pembe, kinyago, ngozi, hata mdomo wa ndege, vyote vililetwa mbele ya watu pamoja na ngoma, mchezo na methali. Aliyeona sanamu bila kusikia methali yake, ameona pembe tu. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilikataza Bwami. Leo vitu vingi vya Warega viko katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, na vingi vilifika kule bila maneno yake. Mbelgiji Daniel Biebuyck, aliyefanya uchunguzi kwa Warega kati ya 1952 na 1954, aliandika methali pamoja na vitu. Njo maana vitabu vyake vingali vinasomwa.

Somo hilo la wazee linafaa pia kwa picha za sinema, maana nazo zinapotea, zinatafutwa, na mara nyingine zinarudi zikiwa bubu. Tuchukue mifano miwili, mmoja wa mbali na mwingine wa karibu.

Wa mbali ni mchezo wa mashini uitwao Dragon's Lair, uliotoka Marekani mwaka 1983. Watu walitia sarafu na kumwongoza shujaa ndani ya kasri. Picha zake zilichorwa kwa mkono na kikundi cha Don Bluth, kisha zikawekwa juu ya sahani kubwa inayosomwa kwa mwali wa leza. Sahani ile ilionekana kama kitu cha kudumu, kumbe hapana. Gundi ikiachia, hewa inaingia ndani, alumini inaharibika, na picha inajaa madoa. Tena sahani hazikulingana: onyesho la mwanzo, lile la daraja la kasri, lilikosekana katika mashini za Marekani, lakini lilikuwepo katika zile za Ulaya. Wapenzi wa mchezo walikusanya sahani za zamani, wakazinakili, wakatengeneza programu ya ordinatere waliyoipa jina Daphne, ambaye ni binti mfalme wa mchezo wenyewe. Hao walifaulu sababu waliojua mchezo walikuwa bado hai, na waliweza kusema: hapa kuna kipande kinachokosa.

Mfano wa karibu uko kwenye njia yetu ya maji. Anayeshuka Lualaba kutoka Kindu anafika Ubundu, zamani Ponthierville. Upande ule, kwenye mto Ruiki karibu na Biondo, John Huston alikuja mwaka 1951 kupiga sinema The African Queen, pamoja na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Sehemu nyingine ilipigwa Uganda, nyingine Uingereza. Kamera ya siku zile ilitumia filamu tatu kwa mara moja, kila moja kwa rangi yake. Filamu zikizeeka zinajikunja, na rangi hazikai tena sawa moja juu ya nyingine. Bahati nzuri filamu tatu za asili zilikuwa zimetunzwa Uingereza. Zilisomwa upya kwa mashini, ordinatere ikazipanga, na sinema ikatoka tena mwaka 2010 ikiwa na rangi safi.

Kazi nzuri kabisa. Lakini katika hadithi ile mto unaitwa Ulanga, na mambo yanatokea katika Afrika ya Mashariki ya Wadachi. Basi mtu wa Tokyo au wa Paris anatazama maji ya Ruiki, miti ya kwetu, na anayaita kwa jina lingine. Rangi imerudi, jina halikurudi. Hiyo mashini haiwezi kuitengeneza. Anayejua ni mtu wa Ubundu.

Na sisi hapa? Kampuni ya Symétain iliundwa mwaka 1932, ikachimba bati Kalima hadi mwaka 1976 ilipoingia ndani ya SOMINKI. Kutoka nyakati zile, masanduku ya familia yana foto za kazi, za mpira, za ndoa, na baadaye kaseti za video za matanga na sikukuu. Unyevu wa msitu unazila polepole. Tunapofikiri kuziokoa, tunafikiri kwanza kutafuta mashini. Mashini inatakiwa, lakini itakuja hata kesho. Mzee anayemjua yule wa tatu kutoka kushoto, au anayejua ngoma ile ilichezwa kwa ajili ya nani, huyo hatutampata kesho.

Kwa hiyo tuanze na maneno. Tukae na wazee na picha mkononi, tuulize: nani, wapi, mwaka gani, wimbo gani. Tuandike nyuma ya foto kwa kalamu ya risasi, polepole. Tufanye nakala mbili, zikae nyumba mbili. Na ya asili tusiitupe hata kama nakala inang'aa kuipita. Pale picha inapogusa siri za Bwami, wenye cheo ndio waseme nini kiandikwe na nini kibaki mdomoni. Hiyo nayo ni kuhifadhi, na wazee wetu waliifanya kabla ya kamera yoyote kufika Maniema.