Mtoto wa marehemu na parseli ya baba yake: sheria zetu tangu 1885



Mwaka jana, katika kijiji kimoja cha Fizi karibu na ziwa, nilikutana na msichana wa miaka 14 hivi. Alizaliwa kambini Tanzania, wazazi wake wakafia kule, naye akarudi Kongo pamoja na baba yake mdogo. Marehemu baba yake alikuwa na parseli hapa mbele ya vita ya 1996. Miembe miwili aliyoipanda ingali pale. Lakini siku tulipopita kuandika majina ya familia, tulikuta nusu ya parseli imekwisha kuuzwa.

Nilimuuliza baba mdogo, kwa heshima, nani alimpa ruhusa. Akanijibu: "Huyu mutoto ni wa ndugu yangu, njo kusema ni wangu. Ninamulisha, ninamuvalisha. Sasa karatasi ya nini tena?"

Si mtu mbaya. Feza aliyopata alinunulia bati za nyumba wanamolala wote, na yule msichana ndani. Lakini sheria ya nchi yetu inasema nini juu ya jambo kama hili? Tena, katika mikutano wamemba wananiuliza: hizi sheria wanazopendekeza kule Kinshasa juu ya ardhi, nyumba, umeme na ulezi wa watoto, zitatufaa nini sisi tuliorudi? Ili kujibu, turudi nyuma kidogo.

Udongo wa Leta

Tarehe 1 Julai 1885, utawala wa mfalme Léopold II ulitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Leta. Maneno hayo yalikuwa mtego. Shamba lililopumzishwa, pori la kuwindia, kilima cha malisho, vyote vilionekana vitupu machoni pa mzungu. Kisha uhuru, tarehe 7 Juni 1966, ikapita sheria tunayoiita ya Bakajika, kwa jina la mbunge aliyeileta. Kwa sheria ile Kongo ilijirudishia ardhi ambazo wakoloni walikuwa wamezigawia makampuni.

Watu walifikiri sasa udongo umerudi kwa wenyewe. Lakini sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema wazi: udongo wote ni wa Leta, raia anapewa haki ya kuutumia, na haki ile inathibitishwa kwa cheti cha kuandikishwa. Na ile ardhi ya vijijini, tunayoipata kwa mababu na machifu? Kifungu cha 389 kiliahidi kwamba amri ya Rais wa Jamhuri itapanga haki za wale wanaoikaa. Mwaka 2013, miaka 40 ilipotimia, Leta iliunda tume ya taifa ya kurekebisha mambo ya ardhi, CONAREF, na amri ile ilikuwa bado haijatoka.

Kwa miaka ile yote, karatasi ya mwanakijiji ilikuwa ni jirani yake. Jirani anajua mpaka uko wapi, nani alipanda mti gani, shefu alimpa nani. Sasa vita ya 1996 ikatokea. Watu wa Fizi wakavuka ziwa kwenda Kigoma, wengine Lugufu, wengine Nyarugusu. Kurudi kwa mpango kulianza mwaka 2005, na hawakurudi wote, wala hawakurudi siku moja. Wazee waliojua mipaka, wengine wamezikwa Tanzania. Na mtoto aliyezaliwa kambini hana hata jirani mmoja wa kusema: "Huyu nilimwona akizaliwa katika nyumba hii."

Mtoto mbele ya sheria

Upande wa familia, tarehe 1 Agosti 1987 ilitoka sheria namba 87-010, Kode ya Familia. Kuhusu urithi, kode hii iliweka watoto mbele ya wote, mabinti sawa na vijana, hata mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, ikiwa baba alimtambua angali hai. Watoto wanapata robo tatu ya mali. Robo inayobaki ni ya mjane au mgane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Mama mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi. Baba wadogo na wajomba wako katika kundi la tatu, nyuma ya hao wote.

Wengi wetu hatukufundishwa hivyo nyumbani. Desturi inasema ndugu wa marehemu anachukua watoto na mali pamoja. Sheria inavitenga: kumlea mtoto ni jambo moja, mali ya mtoto ni jambo lingine. Yatima asiye na baba wala mama anahitaji msimamizi. Jamaa wanakaa kikao, wanapendekeza mtu, tribinali inamthibitisha. Msimamizi huyo anatunza mali ya mtoto mpaka afikishe miaka 18. Hawezi kuuza parseli kwa kichwa chake mwenyewe.

Tarehe 10 Januari 2009 ikaja sheria namba 09/001 ya kulinda mtoto. Hii ilileta tribinali za watoto, na ikaruhusu mtoto aliye katika shida kuwekwa katika familia nyingine kwa uangalizi wa watu wa mambo ya jamii. Ikakataza pia kumwita mtoto mchawi: kifungu cha 160 kinamfunga anayefanya hivyo. Sote tunajua kwa nini kifungu hiki kinagusa mambo ya nyumba. Mara ngapi yatima ameitwa mchawi wakati tu shamba la baba yake limeanza kutamaniwa?

Na tarehe 15 Julai 2016 Kode ya Familia ilirekebishwa. Zamani mke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya mume kwa kutia sahihi mikataba. Sharti lile likaondolewa.

Hatua ya mwisho

Mnaona basi: sheria si chache. Shida yetu iko kwenye hatua ya mwisho, ile ya kutoka kwenye gazeti rasmi la Leta mpaka mlangoni pa mtu. Sheria ya 1973 ilikosa amri yake. Kode ya 1987 inataka tribinali, na tribinali iko mbali: mama wa kijijini atalala njiani, atalipa pikipiki, na bado faili itaahirishwa. Sheria ya umeme ya mwaka 2014 iliondoa ukiritimba wa SNEL, lakini sheria haivuti waya. Sheria ya kodi za nyumba ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Waulizeni wanaopanga mjini kama mwenye nyumba aliwaambia hivyo.

Kwa hiyo, mkisikia pendekezo jipya la sheria limeletwa bungeni, msiulize tu kama ni zuri. Ulizeni: nani atalitekeleza hapa kwetu? Ofisi iko wapi? Karatasi itagharimu ngapi? Na aliyezaliwa kambini, ataonyesha nini?

Tufanye nini sasa

Kuna mambo matatu tunayoweza kuanza bila kungoja bunge. La kwanza, kila familia yenye yatima ifanye kikao cha jamaa na iandike: nani walikuwapo, watoto ni nani, marehemu aliacha nini, mipaka ni ipi, majirani watie sahihi au kidole. Hiyo si hukumu, lakini ni kitu cha kupeleka tribinali. La pili, mtoto asiye na karatasi ya kuzaliwa aombewe hukumu inayokaa mahali pake. La tatu, katika sanduku letu la kusaidiana tutenge kidogo kwa safari za tribinali, jinsi tunavyotenga kwa misiba.

Nanyi marafiki mnaotusaidia: bati mnazotoa zinatusitiri mvua, asanteni sana. Lakini mkigharamia bati, gharamieni na karatasi ya udongo ulio chini yake. Pasipo hivyo nyumba mliyojenga kwa yatima inaweza kuwa ya mtu mwingine kesho.

Yule msichana, tulifanya kikao chake chini ya miembe. Baba mdogo alikuja, na aliyenunua alikuja pia, akaonyesha mpaka wake mbele ya shefu. Ile nusu iliyouzwa, hakuna aliyeahidi kwamba itarudi. Nusu iliyobaki imeandikwa kwa jina la msichana, na baba mdogo alikuwa wa kwanza kuweka kidole. Faili inangoja safari ya tribinali.