Rangi Kwanza, Pembe Baadaye

Mwaka 1909 kampuni ya American Tobacco, iliyokuwa imekwisha kuwameza karibu washindani wake wote wa biashara ya tumbaku nchini Marekani, ilianza kutia toleo jipya la kadi ndogo za picha katika pakiti zake za sigara. Karatasi hiyo ngumu ilizuia sigara zisivunjike, lakini faida yake kubwa ilikuwa kumrudisha mvutaji dukani kumtafuta mchezaji ambaye bado hakuwa naye. Mbele palikuwa na mchezaji wa besiboli, nyuma tangazo la sigara. Hadi mwaka 1911 toleo hilo, ambalo wakusanyaji wanaliita T206, lilikuwa limefikisha kadi 524.

Picha zilizotumika zilipigwa nyeusi na nyeupe. Rangi zilitoka kwa mafundi wa litografia wa New York, na kazi yao inastahili kuelezwa polepole, maana bila hiyo hatuwezi kuelewa kwa nini kadi mbili za mchezaji yule yule, za mwaka ule ule, zinaweza kupishana bei mara kadhaa. Litografia inatokana na jambo moja, kwamba mafuta na maji hayapatani. Fundi huchora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa likawa laini. Jiwe likiloweshwa, wino hung'ang'ania penye mchoro na kukataa penye maji. Baadaye sahani za zinki zilichukua nafasi ya mawe, lakini kanuni ilibaki hiyo hiyo. Kila rangi ilidai mchoro wake peke yake: njano, nyekundu, buluu, rangi ya ngozi, kijivu na nyeusi. Karatasi moja kubwa yenye kadi nyingi ilipita mtamboni tena na tena, na kila mara ilipaswa kutua mahali pale pale.

Haikutua hapo sikuzote. Ikisogea kidogo tu, wekundu wa midomo huangukia shavuni, kama kanga iliyochapwa ovyo ambayo rangi ya ua imetoka nje ya mstari wake. Zipo kadi za T206 ambazo rangi nyekundu haikuchapwa kabisa, na mchezaji ametoka na uso wa mgonjwa. Lakini mawe yote yalipokubaliana, matokeo yalikuwa ya ajabu: anga la machweo nyuma ya mrushaji, wino mzito, uso unaoonekana umepakwa kwa brashi. Mimi naamini uchapaji wa kadi za besiboli haukurudi tena katika kiwango hicho, ingawa wapo watakaobisha.

Sifa zote za toleo hilo zimeishia kwa mtu mmoja, Honus Wagner wa Pittsburgh, aliyekataa kadi yake isitolewe. Wengine husema hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili yake, wengine husema alidai malipo. Zimebaki chache, na mwaka 2022 mojawapo iliuzwa dola milioni 7.25. Hizo ni habari za uhaba, nasi tunafuata habari za wino.

Chingamu ilichukua nafasi ya sigara. Mwaka 1933 kampuni ya Goudey ya Boston ilianza kutoa toleo la kadi 240 zenye mandhari ya rangi kali, nyekundu, njano na kijani, na mchezaji Babe Ruth akiwa na kadi nne peke yake. Kisha vita vikaja, karatasi ikaadimika, na biashara ikalala hadi mwaka 1948, kampuni ya Bowman ya Philadelphia ilipoanza upya kwa kadi ndogo zisizo na rangi.

Mshindani wake alikuwa kampuni ya Topps ya Brooklyn. Mfanyakazi wake Sy Berger, akisaidiwa na Woody Gelman, alibuni kadi za mwaka 1952 kwenye meza ya jikoni kwake. Zilikuwa kubwa kuliko za Bowman, zikiwa na jina la mchezaji, nembo ya timu, na takwimu zake nyuma. Rangi zake, hata hivyo, zilikuwa za kubuni, kwa maana picha nyeusi na nyeupe zilitiwa rangi kwa mkono kabla ya kupelekwa mtamboni. Ndiyo maana anga nyuma ya mchezaji Mickey Mantle ni la buluu ambayo hakuna mawingu ya New York yaliyowahi kuiona.

Bowman walijibu mwaka 1953 kwa hatua ambayo hakuna aliyewahi kuithubutu. Waliwapiga wachezaji picha kwa filamu ya Kodachrome, wakaondoa jina, sahihi na nembo upande wa mbele, wakabakiza picha tupu ndani ya ukingo mweupe. Pee Wee Reese yuko hewani, ameruka juu ya mpinzani anayeteleza chini yake. Nyasi ni nyasi, vumbi ni vumbi. Uchapaji huu haukuwa wa mawe tena. Picha ilipasuliwa kuwa vitone vya rangi nne, ambavyo jicho huviunganisha lenyewe. Vitone hivyo vikikosa kulingana, uso mzima huwa na ukungu, wala hakuna mstari mweusi wa kuuficha.

Gharama ziliwaelemea. Baada ya kadi 160 za rangi, Bowman walimalizia mwaka huo kwa kadi 64 nyeusi na nyeupe. Topps, kwa upande wao, walitumia michoro ya wasanii mwaka huo, na ndio waliodumu: mwanzoni mwa 1956 waliinunua Bowman, na mwaka 1957 wakaanza wenyewe kutumia picha halisi za rangi. Aliyetengeneza kadi nzuri zaidi ndiye aliyeshindwa.

Kadi za mwisho za Topps za 1952 zilichelewa kutoka, watoto wakawa wamekwisha kuhamia mpira wa Kimarekani. Mwaka 1960, kwa masimulizi ya Berger mwenyewe, masanduku yaliyobaki yalipakiwa kwenye tishari na kumwagwa baharini. Mantle wa toleo hilo alifika dola milioni 12.6 mnadani mwaka 2022.

Fedha za namna hiyo zilileta mizani mpya. Tangu 1991 kampuni ya PSA hufungia kadi ndani ya plastiki na kuipa alama kutoka 1 hadi 10. Alama hizo huziadhibu vikali pembe zilizochakaa. Kadi ya kwanza kupimwa ilikuwa Wagner mwenye kingo kali kama wembe, akapewa 8. Mwaka 2013 aliyewahi kuimiliki, Bill Mastro, alikiri mahakamani kwamba kingo hizo alizikata yeye.

Hapo ndipo kundi moja la wakusanyaji lilipoachana na wengine. Pembe huharibikia mfukoni mwa mtoto, lakini mchapo huharibikia kiwandani, kabla mtoto hajaigusa kadi. Kwa hiyo wao huanza na lenzi. Hutazama kama rangi zimekaa ndani ya mistari, kama uso una ukali, kama jua limepausha nyekundu, kama nta ya pakiti imeacha doa, kama kisu kiliacha kingo sawa pande zote nne. Bowman ya 1953 yenye alama 4 na mchapo safi kwao ni bora kuliko yenye 7 iliyofifia. Kwa muda mrefu walizinunua kwa bei nafuu. Wauzaji nao wamefumbuka macho, na sasa mnadani kadi ya 4 yenye rangi nzuri mara nyingine huipita ya 5.