Mkuu Asiyesikia

Ashindwaye katika vita vya siri hupenda kusema kwamba alisalitiwa. Iko sababu nyingine, nayo haitajwi sana kwa kuwa ina aibu: mwenye kutuma wajumbe hakusikiliza sauti yao. Ushahidi wake umo katika Uholanzi, nchi iliyotekwa na Wajerumani mwaka 1940.

Idara ya siri ya Uingereza iliyoitwa SOE ilikuwa ikishusha huko, kwa miavuli na usiku, vijana wa Kiholanzi wenye mitambo ya simu ya upepo. Mmoja wao, Huub Lauwers, alishuka Novemba 1941. Tarehe 6 Machi 1942 alikamatwa mjini The Hague. Hermann Giskes, ofisa wa ujasusi wa Kijerumani, alimtaka aendelee kupeleka habari London. Lauwers alikubali, maana alikuwa na kinga. Alikuwa amefundishwa kutia kosa la makusudi mahali maalumu katika kila ujumbe. Kosa likikosekana, London itambue kuwa mjumbe yumo mikononi mwa adui. Akaliacha kosa lile. London ikapokea, ikajibu, ikaleta mjumbe mwingine.

Tangu hapo walioshuka walilakiwa na Wajerumani waliojifanya wenyeji wema, na mitambo yao ikawa chambo cha kuvuta wengine. Walinaswa zaidi ya 50. Agosti 1943 Pieter Dourlein na Ben Ubbink walitoroka gereza la Haaren, wakafika Uswisi, na baadaye Uingereza. Wakatiwa kizuizini, kwani Wajerumani walikwisha kupeleka uzushi London kwamba wawili hao wamegeuka. Tarehe 1 Aprili 1944 Giskes alifunga mchezo kwa ujumbe wa dhihaka. Septemba mwaka ule mateka wengi waliuawa Mauthausen.

Baada ya vita tume ya Bunge la Uholanzi ilichunguza, isione usaliti ila makosa. Kosa kubwa laeleweka: alama zilipokosekana, wakubwa walisingizia haraka ya mjumbe au ubovu wa mawimbi, kwa sababu kukiri ukweli kungalibomoa kazi waliyojivunia.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Uholanzi mkuu ndiye hakusikia la mdogo, na guu lililovunjika lilikuwa la mdogo.