Anga la Labrador na Riziki ya Wawindaji

Labrador ni nchi ya misonobari, maziwa na vinamasi iliyoko mashariki ya Kanada. Mbele ya macho ya majeshi ya Ulaya ilikuwa na sifa moja kubwa: ati haikuwa na watu. Raia wa Ujerumani ya Magharibi walikuwa wamechoshwa na ngurumo za ndege za vita juu ya mapaa yao. Basi katika miaka ya 1980 marubani wa Kijerumani, wa Kiingereza na wa Kiholanzi wakapelekwa Goose Bay kujizoeza kuruka chini chini, wasije wakaonekana na rada za adui. Walishuka hata mita 30 kutoka ardhini, na mwishoni mwa miaka hiyo safari zao zilizidi 6,000 kwa mwaka.

Kumbe watu walikuwapo. Wainnu, waiitao nchi hiyo Nitassinan, yaani nchi yetu, walikuwa wamekwisha kukalishwa vijijini katika miaka ya 1950 na 1960, wakapata shule na zahanati. Hata hivyo jamaa nyingi zilirudi porini kila mwaka, miezi kadhaa, kuishi mahemani na kuwinda kulungu wa kaskazini, ambaye ndiye nyama yao, ngozi yao na karamu yao. Mtu aliye hemani hapati onyo: mlio humfikia pamoja na ndege yenyewe. Watoto walilia, wazee walishtuka, na mwindaji aliyenyatia tangu alfajiri aliona windo lake likitimka.

Haifai kuwalaumu upesi wakazi wa mjini. Mji wa Happy Valley-Goose Bay ulizaliwa na kiwanja kilichojengwa mwaka wa 1941. Jeshi la anga la Marekani lilipoondoka mwaka wa 1976, kazi zilikwenda nalo. Kwa duka na fundi wa mjini, ndege za wageni zilikuwa mkate. Mkate huo ulilipiwa porini.

Mwezi wa Septemba 1988 Wainnu wa Sheshatshiu waliingia katika njia ya kurukia ndege wakakaa, wake kwa waume, wakakamatwa. Mwezi wa Aprili 1989 hakimu James Igloliorte, naye Muinuiti, aliwaachilia washtakiwa wanne, kwa kuwa waliamini kwa dhati kwamba ardhi ni yao na kwamba wazee wao hawakumpa mtu. Kesi nyingine zilifuata. Mwaka wa 1990 NATO iliacha shauri la kujenga hapo kituo kikubwa zaidi, ingawa huenda kuanguka kwa ukuta wa Berlin kulisaidia kuliko maombi ya wawindaji.

Wataalamu nao walipima. Harrington na Veitch, katika makala yao ya mwaka wa 1991, walionyesha kwamba mshtuko wa kulungu mkubwa ulikuwa wa muda mfupi. Katika ile ya 1992 walionyesha kwamba majike waliopitiwa zaidi na ndege ndio ambao ndama wao walinusurika kwa uchache. Lakini kundi kuu la mto George lilikuwa likiongezeka katika miaka hiyo hiyo, likafika zaidi ya laki saba mwaka wa 1993. Watetezi wa ndege walishangilia hesabu hiyo. Walichohesabu ni wanyama, uwindaji haukuhesabiwa. Mnyama aweza kuwa hai na kunenepa mahali pasipofikiwa na mwenye bunduki, na jamaa yaweza kuogopa kwenda porini hata kulungu wakiwa tele. Hasara ya namna hiyo haina safu katika jedwali la mtaalamu.

Katikati ya miaka ya 2000 mazoezi ya wageni yalikwisha, na anga likanyamaza. Kundi nalo lilikuwa likipukutika, kwa sababu ambazo ndege pekee haziwezi kubebeshwa. Mwaka wa 2013 serikali ya jimbo ilipiga marufuku kuliwinda. Hesabu ya 2018 ikatoa wanyama 5,500 hivi. Wazee waliokwenda gerezani wakitetea haki ya kuwinda walijikuta chini ya amri ya kutowinda, na Waiinnu wengi waliikataa, wakauliza ni lini serikali iliyowanyima kusikilizwa habari za ndege imekuwa mlinzi wa kulungu.