Maiki ya Kubana Nguoni: Rekodi Rhamu Bila Upepo Kukuharibia

Uko Rhamu, Kaunti ya Mandera, unataka kurekodi mkulima wa vitunguu kando ya mto Daua. Pampu ya maji inanguruma, upepo nao haulali. Mzee hatakurudilia stori mara mbili, so sauti lazima ishike mara ya kwanza. Form ni hii:

1. Unganisha. Chaji transmita (ya kubana nguoni) na risiva (ya simu). Chomeka risiva, washa zote, ngoja taa ziache kumetameta. Kabla ununue, cheki kama simu yako ni USB-C ama Lightning.

2. Bana. Kifuani, kama sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu. Shuka ama mtandio ukiigusa, utapata mkwaruzo tu. Kama ni dada, mpe ajibanie mwenyewe.

3. Zuia upepo. Visha maiki kile kifuniko cha manyoya, kisha mzee aupe upepo mgongo. Upepo ukishaingia kwa rekodi, kuutoa ni noma.

4. Jipange. Hizi maiki nyingi hushika sauti ya pande zote, so songeni mbali na pampu. Nyingi pia hutumia mawimbi ya 2.4 GHz, na mwili wa mtu huyazuia. Mzee akutazame.

5. Test. Rekodi sekunde 10, chomoa risiva, sikiza. Sauti ikipasuka, punguza nguvu ya maiki.

Ukimaliza, sikiza tena kabla mzee arudi shambani.