Dirisha, Kichupo au Kando? Historia Fupi ya Amri Moja ya Wavuti

Istilahi aghalabu huzaliwa pamoja na kitu inachokitaja. Hata hivyo, hutokea kitu kikabadilika umbo na istilahi ikabaki pale pale. Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya amri moja ndogo ya kurasa za wavuti, ile inayokifanya kiungo kifungue ukurasa wake mahali papya badala ya kuuondoa ule unaosomwa. Tutaonyesha pia kwa nini historia hiyo inamhusu mfasiri.

Mwaka 1996 kampuni ya Netscape ilitoa toleo la pili la kivinjari chake, Navigator. Toleo hilo liliweza kuugawa ukurasa katika sehemu kadhaa zilizoitwa fremu. Kwa kuwa sehemu zilikuwa nyingi, ilibidi kila kiungo kielezwe kuwa ukurasa wake uwekwe wapi. Ndipo ikaja sifa iitwayo target, yaani shabaha. Mtengenezaji wa ukurasa aliweza kuipa sifa hiyo jina la fremu, au mojawapo ya majina machache yaliyotengwa. Jina moja kati ya hayo ni _blank, maana yake “tupu”: mahali ambapo bado hapana kitu. Siku zile mahali hapo palikuwa dirisha jingine zima.

Amri hiyo haikupokewa na wote. Shirika la viwango vya wavuti, W3C, lilipotoa HTML 4.0 mwezi Desemba 1997, liliiacha nje ya muundo wake mkali na kuiruhusu katika miundo mingine tu. Mwaka 1999 mwongozo wa shirika hilo kuhusu watumiaji wenye ulemavu ulitaka madirisha mapya yasifunguliwe bila msomaji kuarifiwa. Mwaka huohuo mtaalamu Jakob Nielsen aliihesabu desturi hiyo miongoni mwa makosa makubwa ya watengenezaji wa kurasa. Hoja ilikuwa nyepesi: msomaji akitaka kurudi alikotoka, kitufe cha kurudi hakimfai kitu, kwani dirisha jipya halina nyuma.

Kisha vikaenea vichupo. Firefox ya kwanza, ya mwaka 2004, ilikuwa navyo, na Internet Explorer ikavipata katika toleo la 7 la mwaka 2006. Kurasa nyingi zikakaa katika dirisha moja, kila moja na kichupo chake. Baadaye vivinjari vikaanza kuitekeleza amri ileile kwa kufungua kichupo. Katika kurasa zenyewe haikubadilishwa hata herufi moja. HTML5 ilipoidhinishwa mwaka 2014, sifa ya shabaha ilikubaliwa bila lawama.

Tunajifunza nini? Amri yenyewe haikutaja dirisha wala kichupo, ilitaja utupu. Ni sisi wenye kueleza tunaolitaja umbo, na umbo halidumu. Katika simu, vichupo aghalabu havionekani hata juu ya ukurasa. Msomaji huona tarakimu tu ya idadi yake. Anayeambiwa “kiungo hiki hufungua dirisha jipya” atalitafuta dirisha asilione. Kwa asiyeona, ambaye programu humsomea kwa sauti, jambo ni zito zaidi: hana umbo la kumsahihishia mfasiri. Maneno tuliyompa ndiyo njia yake yote. Yakikosea, atabonyeza kitufe cha kurudi mara kadhaa bila kujua kwamba fomu aliyokuwa akiijaza ingali wazi mahali pengine.

Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili. Katika vitabu vya mafundi, ambamo chombo chenyewe ndicho kinachoelezwa, “kichupo” na “dirisha” vitumike, kila kimoja kwa maana yake, wala kimoja kisishike nafasi ya mwenzake. Katika matangazo kwa wananchi, hasa kurasa za ofisi za umma, litajwe tokeo badala ya umbo: “Kiungo hiki hufunguka kando, ukurasa huu utabaki.” Neno “kando” ni la kila siku, halihitaji kufundishwa, na litabaki kweli hata vivinjari vikibadilika tena. Istilahi njema si ile inayokisifu chombo, bali ile inayomfikisha mtu aendako na kumwezesha kurudi.